Uji wa Mayu Nkwimba

Vijana wa zahanati ya hapa Somanda wananicheka. Nikienda kupima presha wakanipa chai, siigusi mpaka aliyeileta apige funda moja mbele yangu. Wananong'onezana kwamba bibi kazi imemwingia kichwani, alikaa mno na vichaa. Nawasikia. Masikio yangu ni mazima, kilichostaafu pamoja nami ni magoti.

Basi nawaambia ninyi mnaoingia uuguzi wa akili, na ninyi mnaotaka kuukimbia kabla hamjauingia. Kazi hii nimeifanya tangu nikiwa binti wa nywele nyeusi hadi waliponiaga kwa soda na kitenge ambacho rangi yake ilitoka siku ya kwanza kukifua. Sitaki mniamini kila neno. Mimi mwenyewe simwamini mtu kila neno, na ndiyo maana nilidumu. Ila hili la uji niaminini, kwa sababu ni kosa langu, na mtu hajisingizii kosa la aina hii.

Nilipopangiwa hospitali ya wilaya huku kwetu, mkoa wa Simiyu haukuwepo. Bariadi, Maswa, sote tulikuwa Shinyanga. Nilikuja kutoka mafunzoni Dodoma na daftari lenye jalada gumu. Ndani nilikuwa nimepanga dalili zote: anasikia sauti za watu wasioonekana, anashuku wenzake, halali, haogi, anacheka peke yake, anaongea maneno yasiyofuatana. Nilidhani mwenye daftari lile hadanganyiki.

Wiki ya kwanza akaja mama mmoja mkulima wa mpunga, anaumwa mgongo. Mgongo. Mimi kwa kiherehere changu nikamuuliza kama huwa anasikia sauti. Akasema ndiyo, baba yake aliyekufa humwita alfajiri. Nikachukua kalamu kwa furaha, mgonjwa wangu wa kwanza.

Wodini palikuwa na mhudumu mmoja, Mzee Kulwa, mnene, koti la kaki, elimu yake darasa la nne. Cheo chake kilikuwa kufagia na kushika wagonjwa wakorofi. Alichungulia juu ya bega langu akasoma nilichoandika, pole pole, akifuata kwa kidole.

"Sista, huyo baba anasema nini?"

"Sijamuuliza."

"Kamuulize."

Nikarudi. Mama akanijibu kwamba baba analalamika, tangu azikwe hajatengenezewa pombe yake. Alinitazama kama vile mimi ndiye mwenye tatizo.

"Huyo haumwi," Mzee Kulwa akasema. "Huyo ana baba. Nusu ya wilaya hii wafu wao wanawasemesha. Ukiwaandikia vidonge wote, dawa itakwisha Jumatatu."

Tangu siku hiyo nikajua kwamba kusikia sauti peke yake hakutoshi. Uliza sauti inasema nini, inamwamuru afanye nini, inamtisha au anaishi nayo. Uliza ilianza lini. Uliza alikuwaje kabla. Kisha waulize wa nyumbani kwake kama na wao wanaona ajabu, maana wao ndio wanaojua kipi ni cha kawaida kwao. Mama yule tulimpa dawa ya mgongo akaenda zake.

Jingine la Mzee Kulwa. Aliletwa mwanamume kwa mkokoteni wa ng'ombe, amefungwa kamba mikono na miguu, anaimba, anawatukana wakwe zake kwa majina yao. Kifuani ana chale mbichi, alishapitishwa kwa mfumu, mganga wetu wa kienyeji. Nyumbani walisema amerogwa na jirani waliyegombana mpaka wa shamba. Mimi nilishavuta dawa ya usingizi kwenye bomba la sindano. Mzee Kulwa akamwekea mgongo wa kiganja shingoni.

"Sista, huyu anaungua."

Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Akawekewa dripu ya kwinini, na siku ya tatu akaamka anauliza nani kamfunga na kiatu chake kingine kiko wapi. Kwa hiyo kabla hujaishuku akili, ushuku mwili kwanza. Pima homa. Uliza kifafa, uliza kaswende ya zamani isiyotibiwa, uliza gongo na bangi, uliza kama amejifungua karibuni, kama analala, kama amefiwa. Uliza kama kwenye ukoo wake yupo mwingine aliyeumwa hivyo, na uliza kwa adabu, kwa sababu watu huficha hilo kuliko wanavyoficha wizi. Mkishauliza yote bado mtakuta wengine hamjui nini kimewapata. Mimi pia sikujua. Atakayewaambia kwamba kila kichaa ana chanzo kimoja, awe ni mganga wa kienyeji au daktari mwenye miwani, mkimbieni.

Sasa Kabula.

Ilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipoachia biashara huria. Pamba ambayo miaka yote ilinunuliwa na ushirika sasa ilifuatwa mpaka mlangoni na malori ya watu binafsi. Kila nyumba ina redio ya betri, kila gulio lina mitumba. Na maduka ya dawa yakafunguliwa. Hilo kwetu lilikuwa jambo geni, kwa sababu zamani dawa ilitoka bohari ya serikali peke yake, kwenye maboksi. Kidonge cha kutuliza wagonjwa wetu, haloperidol, kilikuja cha aina moja tu, kidogo, cheupe. Ukiandika "viwili", nchi nzima ilijua viwili vya nini.

Kabula aliletwa na watu wawili, mumewe Masanja na mama mkwe wake, Mayu Nkwimba. Walitoka kijiji kimoja upande wa Lalago ambacho jina nitalimeza, maana wajukuu wao wapo na wanasoma. Alikuwa na miaka kama ishirini na miwili, amekonda mpaka mifupa ya mabega inaonekana kwenye gauni. Alikaa ukingoni mwa benchi akitazama mlango.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia yule mama.

"Mwangaluka." Akaanza hapo hapo kunieleza: Kabula hali chakula cha nyumbani, anajipikia mwenyewe nje, usingizi hana, ameitupa redio ya mumewe kisimani.

Nikimuuliza Kabula, anajibu Mayu Nkwimba. Na alikuwa na macho mekundu, yale ya akina mama waliopikia kinyesi cha ng'ombe miaka mingi, maana kuni huku zilikwisha zamani, miti yote ilikatwa kupisha pamba. Ninyi mnajua macho mekundu kwa mama mzee huku kwetu yaliletea watu nini: kuitwa wachawi, kisha mapanga. Mimi nilijua vizuri ni moshi. Lakini niwaambie kweli, na aibu yangu naitoa hadharani: mtu anayejibu kwa niaba ya mgonjwa huwa simpendi, na nilimshuku yule mama. Nikamtoa nje pamoja na mwanawe.

Mlango ulipofungwa, Kabula akasogea.

"Mayu ananitilia kitu kwenye uji."

"Umemwona?"

"Sijamwona. Ila nimesikia wakisema."

"Nani?"

"Wale wa redio. Wananitaja jina. Wanasema mke wa Masanja atakwisha kabla pamba haijavunwa."

Nilimuuliza yote niliyofundishwa na Mzee Kulwa. Homa hana. Hajajifungua karibuni, mtoto wake mmoja anatembea. Hanywi. Shangazi yake upande wa baba alikufa akizurura minadani akiokota makaratasi. Sauti zilianza wakati wa palizi, kwanza mbali, halafu karibu. Nikamwita Masanja peke yake, nikauliza mama yake anamtendeaje mkewe. Akasema wanaishi vizuri, Kabula alipokuwa mzima walikuwa wakisukana nywele. Nikawauliza na majirani waliokuja siku ya kliniki, kila mmoja kwa wakati wake ili wasipatane maneno. Wote walisema hivyo. Hapo nikaacha kumshuku Mayu Nkwimba. Kabula aliumwa ugonjwa wa kushuku, na wanaoupata ugonjwa huo humshuku anayewalisha.

Tulimlaza, tukampa sindano, baadaye kidonge kimoja kwa siku. Wiki tatu zikapita, akaanza kuoga, akaanza kulala, akauliza habari za mtoto wake. Nikamruhusu.

Mwezi haukuisha, Masanja akarudi peke yake kwa baiskeli.

"Sista, vidonge anatema. Anaviweka shavuni, akitoka nje anatema. Na redio ya jirani imeanza tena kumtaja."

Hapa ndipo nilipotoa ule ushauri. Wakati ule tuliutoa wote, hakuna aliyeushangaa. Nilisema, "Sageni kidonge kati ya vijiko viwili, mtieni kwenye uji wa asubuhi. Yeye asijue. Na msimwambie mtu yeyote, hata jirani, kwa sababu maneno yana miguu, yatamfikia."

"Uji anapika mama," Masanja akasema.

"Basi mwambie mama. Na mkanye asiuonje huo uji, dawa ni ya mgonjwa peke yake."

Nilijisikia mjanja kweli. Mnaona nilichofanya? Nilikuwa na mgonjwa anayeumwa kwa kudhani mama mkwe anamtilia kitu kwenye uji, nikamwagiza mama mkwe amtilie kitu kwenye uji.

Na kuna jambo nililisahau wakati mimi ni mtoto wa huku. Kwetu anayekukaribisha pombe, togwa au uji anaonja yeye kwanza ndipo akupe. Kunaitwa kutoa sumu. Hakuna anayelifikiria, mkono unafanya wenyewe. Mayu Nkwimba alikuwa akipika uji, anapiga funda, anampa mkwewe kibuyu. Alifanya hivyo tangu siku Kabula alipoolewa. Siku niliyomkanya, akaacha.

Kabula alikuja kliniki mwezi uliofuata. Alikuwa ametulia kidogo, ila macho yanachunguza. Nikamuuliza hali ya nyumbani.

"Mayu haonji tena," akasema.

"Haonji nini?"

"Uji. Zamani alikuwa anaonja. Sasa anachota, ananipa, anageuka pembeni."

Nisikilizeni hapa, hasa ninyi wenye madaftari. Mgonjwa wangu alikuwa ameona kitu cha kweli kwa macho yake, akaja kunieleza kwa sauti ya chini kama mtu mwenye akili timamu. Nami nikaandika: shaka bado ipo, dawa iongezwe iwe vidonge viwili.

Dirisha la dawa la hospitali lilikuwa limeishiwa. Siku hizo lilikuwa linaishiwa mara kwa mara, tukaambiwa wagonjwa wajinunulie. Nikampa Masanja karatasi yenye jina la dawa na neno "viwili", akaenda duka jipya kule Nyalikungu. Mwenye duka alikuwa fundi cherehani aliyebadili biashara, mtu mwema tu, alimpa vilivyokuwepo. Vilikuwepo vya nguvu zaidi ya mara tatu ya vile vyetu. Mimi sikuandika nguvu ya kidonge, kwa kuwa maisha yangu yote haikuwa na haja ya kuandikwa. Soko lilikuwa limebadilika, kalamu yangu haijabadilika.

Siku ya nne, asubuhi, mtu alifika hospitali kwa baiskeli, jasho limemlowanisha. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji chao mwenyewe.

"Wewe ndiye nesi wa vichaa?"

"Ndimi."

"Kuna mama mmoja wamemweka chini kule. Kila akiulizwa anasema neno moja, muulizeni nesi. Nikasema nije nikuulize, kabla hawajachoka kumuuliza."

Akanieleza. Asubuhi ile Kabula alikuwa amemchungulia Mayu Nkwimba jikoni, akamwona anasaga kitu cheupe kati ya vijiko. Akapiga yowe. Majirani wakaja, wakakuta unga mweupe umefungwa kwenye pindo la khanga ya mama. Wakiwa bado wanaulizana, shingo ya Kabula ikaanza kupinda nyuma yenyewe, macho yakageukia juu yakabaki huko, ulimi ukatoka nje. Watu mia wakaona kwa macho yao. Masanja hayupo, amepeleka ng'ombe mnadani, kesho kutwa ndio arudi. Mfumu ameitwa, amepasua kuku, amesema mkono ni wa mwanamke wa humo humo ndani.

"Na mama hajawaambia ni dawa ya hospitali?"

"Hajasema. Anasema muulizeni nesi, basi."

Nilikuwa nimemkanya asimwambie mtu yeyote. Mama yule alikuwa amekaa chini katikati ya watu wenye fimbo na mapanga, na alikuwa anatunza siri yangu.

Gari la hospitali lilikuwa kwenye chanjo. Nikachukua sindano ya kulegeza shingo, nikachukua na vidonge vya dawa hiyo hiyo ya kulegeza, nikapanda lori la mnunuzi wa pamba juu ya marobota, mwenyekiti akapanda na baiskeli yake. Njia nzima nilikuwa napanga uongo. Nisiwafiche. Nilijiambia kwamba nikisema ukweli mbele ya Kabula, hatakula chakula cha mtu mwingine maisha yake yote, hatakanyaga hospitali, atakufa kwa njaa au kwa kuzurura kama shangazi yake. Na kazi yangu je? Nikaamua nitasema ni degedege la watu wazima, nimchome sindano, apone, wote watawanyike.

Boma la Masanja limezungushiwa minyaa. Ndani yake watu wamejaa mpaka zizini. Mayu Nkwimba amekaa kwenye vumbi, miguu ameinyoosha mbele, khanga imetandazwa na unga uko juu yake. Kichwa wazi. Mtu alikuwa amempiga tayari, sikio moja lilikuwa linatoa damu. Aliponiona aliniangalia tu, kuona kama nimeridhika na alivyoitunza siri yangu.

Kabula alikuwa kwenye mkeka mlangoni, akili zake zote anazo, shingo imepinda, machozi yanatiririka kwenda masikioni. Msidhani mgonjwa wa hali hiyo hajui. Anajua kila kitu, hawezi tu kuugeuza mwili wake. Nikamchoma sindano. Nikasema kwa sauti kwamba ni degedege la watu wazima, linatokea, litakwisha sasa hivi.

Tukakaa kusubiri. Haikufika nusu saa, shingo ikalegea, macho yakashuka, ulimi ukarudi. Mimi nikadhani tumepona.

Kijana mmoja mwenye panga akasema, "Mmeona? Mama anafunga, nesi anafungua. Hawa ni kampuni moja."

Watu wakaunguruma. Na yule kijana alikuwa na haki. Nilichowaonyesha ni uganga kamili, na nimekataa kueleza unga. Ningekuwa mimi pale ningejishuku. Wawili wakamshika Mayu Nkwimba makwapani, wakamnyanyua. Kiatu chake cha matairi kikabaki kwenye vumbi.

Nikasema, "Mwacheni. Unga ule ni wangu."

Wakasimama.

"Mkono uliotia ni wa mama. Aliyemtuma ni mimi. Ni dawa ya hospitali, ya ugonjwa wa Kabula. Nilimwambia mama na Masanja waifiche kwenye uji, na nikawakataza kumwambia mtu. Shingo kupinda ni dawa imezidi, na aliyeandika vibaya ni mimi."

Aliyejibu ni Kabula, kutoka kwenye mkeka, sauti yake bado nzito.

"Kwa hiyo kilikuwemo kitu kwenye uji."

"Kilikuwemo."

"Nilikwambia. Nilikuja kwako nikakwambia haonji."

"Uliniambia."

"Kwa hiyo mimi si kichaa."

Vijana wangu, maswali ya mtihani wa mafunzo yalikuwa mepesi. Mzee Kulwa alikuwa ameshafariki wakati huo, sikuwa na wa kumtazama.

"Kwa habari ya uji, huna kichaa, uliona sawa kuliko mimi," nikamwambia. "Kwa habari ya redio kukutaja jina, unaumwa, Kabula. Yote mawili ni kweli."

Yule kijana wa panga akasema nesi anamtetea mwenzake tu, huo unga ni wa kuulia. Wengine wakaitikia. Hapo Kabula akajiinua kwa kiwiko.

"Kama ni dawa, toa sumu."

Kila mtu pale alielewa. Nikaletewa uji uliobaki sufuriani, umepoa, una utando. Nikakung'uta unga wote wa khanga kwenye kibuyu, dozi nzima ya siku, nikakoroga kwa kidole, nikanywa mpaka chini, nikawageuzia kibuyu waone. Kisha nikaenda kukaa kwenye vumbi kando ya Mayu Nkwimba.

"Nitakaa hapa mpaka jioni," nikasema. "Nikifa, mnajua la kufanya."

Sikufa, kama mnavyoona. Lakini nililipata daftari langu lote mwilini. Kwanza kinywa kilikauka. Halafu usingizi, ule wa kuvutwa na mtu. Halafu miguu ikakataa kutulia, naikunja, nainyoosha, nasimama, nakaa, nataka kutoka ndani ya ngozi yangu. Miaka yote wagonjwa waliniambia "sista, miguu inanisumbua", nami nikaandika kwamba wana wasiwasi. Alasiri taya likaanza kubana. Nikameza dawa ya kulegeza niliyokuja nayo, mkono unatetemeka, watoto wa boma wanacheka, na Mayu Nkwimba, mwenye damu sikioni, ananipepea kwa pindo la khanga ile ile.

Mwenyekiti alihesabu kwamba nimepatwa na kile kilichompata Kabula, tena kwa unga ule ule. Akawaambia watu waende nyumbani kwao, pamba haijivuni yenyewe. Wakaondoka pole pole, wengine wakigeuka nyuma. Yule kijana wa panga hakuomba radhi. Sikumngoja aombe.

Nilirudi mjini siku ya pili, ulimi bado mzito, nikaandika mwenyewe maelezo ya kosa langu kwa mganga mkuu wa hospitali. Nilipewa barua ya onyo, ilikuwa haki yangu. Masanja aliporudi kutoka mnadani na kusikia, alikaa wiki nzima hasemi nami, nikimpita gulioni anatazama viazi.

Kuhusu Kabula niliogopa bure nusu, na niliogopa sawa nusu. Kliniki hakuja miezi miwili. Kisha akaja, na Mayu Nkwimba nyuma yake. Akaketi.

"Nipe vidonge mkononi," akasema. "Nioneshe maandishi. Nguvu yake imeandikwa wapi?"

Nikamwonesha. Tukaanza na kidogo kabisa. Alikuwa akivimeza mwenyewe asubuhi, na uji wa mama mkwe, ambao mama alirudi kuuonja. Kuna miaka aliumwa tena, redio ikamtaja tena, akalazwa tena. Ugonjwa ule hauondoki kwa sababu watu wamepatana. Lakini alilima, alizaa mwingine, na hakuna aliyemtilia kitu. Mimi tangu siku ile sikumshauri mtu afiche dawa, nimegombana na madaktari kwa ajili hiyo, na sikuandika "viwili" bila kuandika vya nini. Na mgonjwa akiniambia kitu cha ajabu, kabla sijaandika ni dalili, nilipanda baiskeli nikaenda kutazama.

Mwaka niliostaafu nilikwenda kuwaaga. Mayu Nkwimba alikuwa haoni tena, anakaa kwenye kigoda karibu na minyaa, anapokea sauti ya kila anayeingia. Kabula ndiye mwenye jiko. Nilimtazama akichota uji, akapiga funda, akamshikisha mama mkwe kibuyu kwa mikono miwili. Mama akanywa bila kuuliza.

Akachota wa pili, akaniletea mimi. Nikangoja. Hakuonja. Alinisimamia tu, mikono kiunoni, hana hasira wala hacheki.

"Wewe sikuonjei," akasema. "Wewe utakunywa hivyo hivyo."

Nikanywa wote. Haukuwa na sukari.